Je, Kwato Zilizopasuka Zinatosha?

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Law. 11:1–12, Law. 17:13–15, Hes. 11:4–34, 1 Sam. 2:12–17, 2 Sam. 23:13–17, Mit. 6:30, 31, 1 Kor. 10:23–33.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 10:31.

Kila mwaka makanisa ya Mara huenda makambini. Kutoka Musoma, Butiama na Bunda watu hubeba magodoro, ndoo na masufuria, wakakaa pamoja juma zima kulisikiliza Neno. Nyuma ya mahali pa mahubiri hutengenezwa jiko: mafiga, kuni, mapipa ya maji, na sufuria ambazo mtoto mdogo angeweza kuogea ndani yake. Hapo hupikwa ugali wa muhogo na mtama, maharage, makande, dagaa na sato.

Mpishi wa makambi hahitaji kukumbushwa kisichoingia katika sufuria ile. Nguruwe haingii. Kambale haingii, hata akiwa ametoka ziwani asubuhi hiyo hiyo. Mtoto wa Shule ya Sabato huyajua mambo hayo kabla hajajua kusoma.

Lakini tuchukulie mfano. Siku mbili kabla ya makambi kuanza, mtu anailetea kamati ya jiko gunia la nyama kavu. Bei yake ni ndogo kuliko ya ng'ombe. Mjumbe mmoja anauliza, "Ni nyama gani hii?" Anajibiwa, "Ni nyumbu." Mwingine anafungua Mambo ya Walawi. Nyumbu ana kwato zilizopasuka kati, tena hucheua. Basi ni safi.

Je, swali limekwisha? Juma hili tutajifunza kama chakula kinaweza kuwa safi kwa kwato zake, kikawa najisi kwa njia kilivyofika mezani.

JUMAPILI
Kitabu cha Mapishi na Kitabu cha Walawi

Soma Walawi 11:1–12. Kwa nini Mungu aliyeziumba mbingu na nchi ajishughulishe na mapezi na magamba?

Wayahudi wanaoishika sheria hii hukiita chakula kinachoruhusiwa "kosher", maana yake "kinachofaa". Kwa muda mrefu mama alimfundisha binti yake jikoni, kisha vitabu vikaanza kuandikwa. Mwaka 1846 huko London kilichapishwa kitabu cha mapishi ya Kiyahudi kwa Kiingereza, kilichoandikwa na Judith Montefiore, ambaye hakuliweka jina lake juu yake. Leo vitabu vya namna hiyo ni vingi, na vina mapishi ya nchi zote. Lakini misingi haibadiliki. Nyama hulowekwa majini nusu saa, hupakwa chumvi na kuachwa muda wa saa moja ili damu itoke, kisha huoshwa. Nyama na maziwa havipikwi pamoja, na kila kimoja kina sufuria zake.

Tusidhani mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 baada ya kuisoma Biblia mwenyewe na kuamua kuishika Torati. Wakati wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, na waliodumu walikuwa wachache. Hata hivyo walidumu, na hawakuacha kuuliza mnyama huyu amechinjwa namna gani.

Sisi pia tuna historia ya namna hiyo. Mwaka 1892 Ella Eaton Kellogg wa Battle Creek alichapisha kitabu kikubwa cha mapishi, kwa kuamini kwamba matengenezo ya afya hayatasimama kwa mahubiri peke yake. Ni lazima mtu aonyeshwe jinsi ya kupika maharage.

Walimu wa Kiyahudi walichunguza kwa makini hata neno "magamba". Walisema gamba linalohesabiwa ni lile linaloweza kukwanguliwa bila kuichana ngozi. Jambo hili latugusa sisi watu wa Ziwa. Kambale hana magamba kabisa. Lakini kamongo anayo, madogo, yaliyozama ndani ya ngozi. Kwa kipimo cha walimu wale, kamongo hapiti.

Uangalifu wa namna hii si wa kudharauliwa. Anayempenda Mungu huuliza maswali madogo. Hata hivyo, kitabu cha mapishi kina mpaka wake. Huanza pale kinaposema, "Chukua kilo moja ya nyama." Nyama hiyo ilitoka wapi, na nani aliumia ili ipatikane, hakisemi.

Tafakari: Katika sheria ya chakula, ni sehemu gani tunayoifuata kwa urahisi kwa sababu tu tumeizoea?

JUMATATU
Kware na Uma wa Meno Matatu

Israeli walipika kambini miaka arobaini. Hakuna taifa lililojifunza mambo mengi hivyo kando ya mafiga.

Soma Hesabu 11:4–34. Je, kware walikuwa ndege najisi?

Hapana. Kware hawamo katika orodha ya ndege waliokatazwa. Tena waliletwa na upepo uliotoka kwa Bwana mwenyewe. Hata hivyo watu walikufa nyama ikiwa bado kati ya meno yao, na mahali pale pakaitwa Makaburi ya Kutamani. Walikuwa na mana, wakaidharau. Walikumbuka samaki na vitunguu vya Misri, wakasahau viboko vya Misri. Aliyekusanya kidogo kuliko wote alikuwa na homeri kumi. Nyama ilikuwa safi. Mioyo iliyoikimbilia haikuwa safi.

Soma 1 Samweli 2:12–17. Dhambi ya wana wa Eli ilikuwa nini hasa?

Hapa tena tuko jikoni, Shilo, mbele ya sufuria inayochemka. Mnyama ni safi, kwa kuwa ni wa dhabihu. Amechinjwa inavyotakiwa. Mpishi amefanya kazi yake. Kisha anakuja mtumishi wa kuhani na uma wa meno matatu, anauchomeka sufuriani, na kila kinachonaswa anakichukua. Akiambiwa asubiri, anatisha kutumia nguvu. Biblia yasema dhambi ya vijana hawa ilikuwa kubwa sana mbele za Bwana. Hakuna popote inaposema walikula ngamia au sungura. Walikula nyama iliyo safi ambayo haikuwa yao kuichukua.

Basi Maandiko yenyewe yanatuonyesha kwamba mtu aweza kukaa ndani ya Walawi 11 akaivunja amri ya nane. Aliyesema tusile nguruwe ndiye aliyesema tusiibe.

JUMANNE
Nyumbu wa Serengeti

Tulirudie lile gunia. Wilaya ya Bunda imekaa kati ya Ziwa na mbuga. Upande mmoja ni Ghuba ya Speke. Upande wa pili ni Serengeti, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951. Asafiriye kwa barabara kuu kutoka Mwanza kwenda Musoma hulipita lango la Ndabaka kando ya njia. Nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka katika nyika zile kila mwaka, na katikati ya mwaka makundi yao hufika upande wa magharibi, karibu na vijiji vyetu.

Wengi wa nyumbu wanaouawa kwa siri hawapigwi risasi. Hunaswa. Waya wa chuma, mara nyingi ukiwa umetolewa katika tairi kuukuu, hufungwa kitanzi na kuning'inizwa kwenye njia ya wanyama. Watafiti wamekadiria kwamba makumi ya maelfu ya nyumbu huuawa hivi kwa mwaka. Waya haichagui. Hunasa nyumbu jike mwenye mimba, hunasa twiga, simba na tembo. Mnyama huvuta, waya huzama, naye huenda akafa kabla mwenye mtego hajarudi.

Soma Walawi 17:13–15 na Matendo 15:19, 20. Mungu aliwaagiza nini wawindaji?

Torati haikukataza kuwinda. Kumbukumbu la Torati 14:5 inawataja wanyama wa porini walioruhusiwa. Lakini mwindaji aliagizwa kuimwaga damu na kuifunika kwa mchanga, kwa maana uhai si wake. Na mnyama aliyekufa mwenyewe, au aliyeraruliwa, alimtia unajisi aliyemla, hata kama kwato zake zilipasuka. Mitume walipokutana Yerusalemu waliwaagiza waamini wa Mataifa wajiepushe na damu na nyama zilizosongolewa. Ni vigumu kupata neno linaloufaa zaidi mtego wa waya.

Basi hata kwa kipimo cha Walawi peke yake, gunia lile halijapita. Aliyeishia sura ya kumi na moja hakufika sura ya kumi na saba.

Tena iko sheria ya nchi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuua mnyamapori au kuwa na nyama yake bila kibali. Tumepewa pia njia iliyo wazi, kwa kuwa serikali imeruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Nyama ile ile ya nyumbu, ikitoka kwenye bucha hilo pamoja na risiti yake, ina jibu kwa maswali ambayo gunia la usiku haliwezi kuyajibu.

JUMATANO
"Tembo Alikula Mahindi Yangu"

Tungekuwa wadanganyifu kama tungeishia hapo. Wako ndugu zetu wa vijiji vya mpakani wenye neno la kusema, nao wanastahili kusikilizwa.

Watasema: "Babu zetu waliwinda pale kabla ya hifadhi kuwapo. Leo tembo anatoka hifadhini usiku, anamaliza ekari ya mahindi, na ninyi mnasema ni mali ya umma. Ninangojea kifuta jasho, nacho hakifiki, au kinafika kidogo. Jirani yangu aliuawa, na familia yake ikaambiwa ingojee kifuta machozi. Tembo wa serikali akila mahindi yangu ni bahati mbaya. Mimi nikila nyumbu wa serikali ni jangili. Nimeiba nini?"

Soma Mithali 6:30, 31. Mwenye hekima anamtazamaje mwizi mwenye njaa?

Anamtazama kwa huruma. Watu hawamdharau aibaye ili aishibishe nafsi yake. Lakini mstari unaofuata hausemi kwamba alichokula kilikuwa chake. Akipatikana, atalipa. Biblia inashika mambo mawili ambayo sisi hupenda kuyatenganisha: huruma kwa mwenye njaa, na ukweli juu ya kitendo chake.

Kwa hiyo tumjibu ndugu huyu kwa mambo matatu.

Kwanza, madai yake yana haki. Mkulima aliyepoteza shamba anadai, na kanisa linalohubiri dhidi ya ujangili pasipo kumsaidia kuandika madai yake na kumsindikiza kwa mtendaji wa kijiji halijamaliza mahubiri yake (Mit. 31:8, 9).

Pili, deni halilipwi kwa kuchukua kilicho cha wote. Mwezi Septemba 1961, Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alitoa tamko huko Arusha kwamba wanyamapori wa nchi hii ni amana, na kwamba wajukuu wa watoto wetu nao wapate kuwafurahia. Mtoto wa Bunda ambaye hajazaliwa ana fungu lake katika nyumbu yule. Yeye hakukudai, wala hakula mahindi yako.

Tatu, tutofautishe njaa na biashara. Mzee aliyepika kipande cha nyama ili wajukuu wasilale njaa ni jambo moja. Gunia lililofungwa likatafutiwa mnunuzi ni jambo lingine. Na kamati ya makambi si mwizi mwenye njaa. Ina maharage stoo.

Mwingine atauliza juu ya Paulo. Je, hakusema tule kila kiuzwacho sokoni bila kuulizauliza (1 Kor. 10:25)? Alisema. Lakini swali la Korintho lilikuwa nyama iliyotolewa kwa sanamu, na sanamu si kitu (1 Kor. 8:4). Nyama ile haikuwa imemdhulumu mtu. Paulo yule yule, katika mstari wa 24, anataka kila mmoja aitafute faida ya mwenzake, na katika mstari wa 28 anasema ukiambiwa, usile. Uhuru wa kutouliza aliutoa kwa ajili ya dhamiri iliyosumbuka bure. Hakuutoa uwe kitambaa cha kujifunga macho.

ALHAMISI
Maji ya Bethlehemu

Soma 2 Samweli 23:13–17. Kwa nini Daudi alikataa kunywa?

Hakuna sheria iliyokataza maji ya kisima cha Bethlehemu. Daudi alikuwa ameyatamani mwenyewe. Watu watatu walipenya katika jeshi la Wafilisti, wakayateka, wakamletea. Naye akayamimina mbele za Bwana, kwa maana aliyaona kuwa ni damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Hakutazama kilichokuwa ndani ya chombo tu. Alitazama na mikono iliyokileta.

Nani hupeleka nyaya porini? Mara nyingi ni vijana. Wengine hukanyagwa na nyati, wengine hukamatwa na kufungwa miaka, na mke hubaki na watoto na shamba lisilolimwa. Anayenunua nyama ile kwa bei nafuu amelipa sehemu ndogo ya bei. Iliyobaki analipa mama mmoja kijijini, nasi tunaweza kuwa tunamwombea katika ibada ya jioni, huku tukiwa tumelinunua gunia mchana.

Jambo hili limewasumbua wengine pia. Tarehe 12 Mei 2008, katika mji mdogo wa Postville, Iowa, nchini Marekani, maofisa wa uhamiaji walivamia kiwanda kikubwa cha nyama ya kosher na kukamata wafanyakazi 389. Habari za jinsi wafanyakazi walivyokuwa wakitendewa zilikuwa zimekwisha kuenea. Hakuna aliyesema kisu hakikuwa kikali, au chumvi haikutosha. Lakini Wayahudi wengi waliulizana wao kwa wao: je, nyama yaweza kufaa ikiwa mtu aliyeikata ameonewa? Baadhi ya marabi walipendekeza alama nyingine juu ya kifurushi, itakayoonyesha kwamba wafanyakazi nao walitendewa haki.

Swali hilo halikai Iowa tu. Sangara ana mapezi na magamba. Lakini sangara wa chini ya sentimita 50 amekatazwa kuvuliwa, kwa kuwa anayemla leo anamla pamoja na samaki wa kesho. Dagaa ni safi. Lakini je, aliyewaanika juani kando ya Ziwa amelipwa?

Tena tuliangalie jiko letu wenyewe. Katika makambi mengi wako akina mama wanaoamka saa kumi usiku kuwasha moto, wakalala baada ya kuosha sufuria ya mwisho. Siku ya Maandalizi (Kut. 16:23) huwa ndefu kuliko zote kwao. Juma linakwisha, wote tumesikia mahubiri ishirini, wao wamesikia mawili, nayo kwa mbali, moshi ukiwa machoni. Yesu hakumkemea Martha kwa sababu chakula chake kilikuwa kibaya (Luka 10:38–42). Alitaka naye aketi. Je, chakula chetu ni safi ikiwa kimemnyima mama huyu kile alichokijia makambini?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Danieli 1:8–16. Danieli alikuwa mbali na nyumbani, chini ya mamlaka ya mtu mwingine, na mbele yake kulikuwa na meza ya mfalme. Aliomba nafaka na maji. Hakuona kwamba ameshushwa hadhi. Sufuria ya maharage na ugali wa mtama haina maelezo ya kutoa kwa askari wa wanyamapori, kwa mjane, wala kwa dhamiri.

Tumeona kwamba Mambo ya Walawi 11 ni mlango, na nyumba iko ndani zaidi. Mapezi, magamba na kwato hutufundisha kusimama kidogo kabla ya kula. Aliyejifunza kusimama kwa ajili ya kwato anaweza kujifunza kusimama kwa ajili ya jirani. Aliyezoea kuuliza, "Ni mnyama gani?" aongeze maswali mawili: "Alipatikanaje?" na "Nani aliumia?" Maswali haya hayahitaji elimu kubwa. Karani wa kamati ya jiko aweza kuyaandika katika daftari lile lile la manunuzi, karibu na bei.

Paulo anatuambia kwamba tulapo, tunywapo, au tutendapo neno lolote, utukufu uwe wa Mungu. Kununua ni kutenda. Kupika ni kutenda. Kupeana zamu jikoni ni kutenda.

Maswali ya Kujadili:

1. Umealikwa kwa jirani asiye wa imani yetu, naye ametenga nyama. Hujui ilikotoka, nawe unashuku. Soma tena 1 Kor. 10:27–29. Je, kuuliza kutamheshimu au kutamwaibisha? Kuna tofauti gani kati ya kuwa mgeni na kuwa mnunuzi?

2. Mshiriki wa kanisa anaishi kwa biashara ya nyama ya magendo, naye hutoa zaka kwa uaminifu. Kanisa limsaidieje kupata njia nyingine ya kujipatia riziki, kabla na baada ya kumwonya?

3. Ni wakulima wangapi katika mtaa wenu wanaongojea kifuta jasho? Kanisa linaweza kufanya nini mwezi huu?

4. Zamu za jiko katika makambi yajayo zipangwe vipi ili akina baba na vijana washiriki, na kila mpishi apate kusikiliza Neno?

5. Kundi lenu lijadili: ni chakula gani kingine mezani kwetu kilicho safi kwa Walawi 11, ambacho hatujawahi kukiuliza maswali yale mawili?